Gauni la ndoa ya pili: jua kwanza unafungia wapi, duka baadaye

Mwaka nilioolewa mara ya pili nilikuwa na miaka 44 na binti wa kidato cha pili, tukaingia duka moja la mashela hapa Dar, mimi mbele yeye nyuma na simu yake, dada wa dukani akatuangalia wote wawili, akatabasamu, akamwambia mwanangu "karibu bibi harusi." Mtoto ana miaka 15 jamani. Nilipomwambia bibi harusi ni mimi akasema "ooh, pole mama" (pole ya nini sasa?) halafu akanipeleka moja kwa moja kona ya nyuma wanakotundika zile nguo za mama wa bibi harusi, maroni na bluu ya kiza, zina kikoti juu na ua la kitambaa begani.

Sikununua kitu. Ila na mimi nilikuwa na kosa langu, manake kama angeniuliza natafuta nini nisingekuwa na jibu. Sikujua bado kama tunaenda bomani au kanisani, sikujua ni asubuhi au jioni, nilitaka tu "kitu kizuri". Kitu kizuri hakishoneki. Fundi anashona gauni la saa nne asubuhi la mtu atakayepiga magoti, au la jioni la mtu atakayecheza mpaka saa sita, na hayo ni magauni mawili tofauti kabisa. Tangu hapo nimewasindikiza mashosti wanne kwenye shughuli hiihii na kila mara naanza na swali hilo.

Kwa hiyo kaa na mwenzio mjue kwanza. Ndoa ya bomani ni ofisini, meza, viti, feni, watu wengine wamepanga foleni nje na wao wanafunga siku hiyohiyo, na shughuli yenyewe ni fupi. Gauni la mkia wa mita mbili mle ndani litakanyagwa na shahidi wako mwenyewe. Bomani linapendeza gauni la chini kidogo ya magoti au la kufika kifundoni, limekaa vizuri mabegani, na nikisema mabegani namaanisha, kwa sababu picha zote za bomani ni za kuanzia kifuani kwenda juu mkiwa mmeinama mnasaini. Shingo na mikono ndo vinaonekana. Pesa yako iweke hapo, lesi nzuri kwenye mikono, chini iwe simpo. Halafu bomani kuna kitu kinachotusaidia sisi wavivu wa kupanga, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa siku 21 kabla, na kama uliwahi kuolewa utatakiwa na karatasi zako, hati ya talaka au cheti cha kifo. Siku mnayopeleka hiyo taarifa ndo siku ya kwenda kwa fundi, wiki tatu zinatosha gauni la kawaida. Kwa shela la shanga za kushonea mkono hazitoshi, usimdanganye fundi na yeye asikudanganye.

Kanisani muulize mchungaji au paroko mapema, na si habari za mabega wazi tu. Mjane hana shida, lakini kwa Wakatoliki kama mwenza wako wa kwanza bado yu hai, kanisa linahitaji ile ndoa ya kwanza itamkwe kuwa ilikuwa batili kabla hujafunga nyingine, na hilo linaweza kuchukua muda wake. Rafiki yangu mmoja alilipa advansi ya shela kabla ya majibu kutoka, tarehe ikasogea mara mbili, duka likakataa kurudisha hela, mpaka leo ukimtajia shela anabadilisha mada. Advansi iwe ya mwisho.

Kwa Waislamu eda iishe kwanza, mjane ni miezi 4 na siku 10, habari za vitambaa zisubiri. Na nikaha ya mwanamke aliyewahi kuolewa ina utamu wake ambao shoga yangu wa Tanga ndo alinifungua macho, mwari wanaweza kuuchukulia ukimya wake kuwa ndiyo, ila wewe uliyekwisha kuolewa unaulizwa na unajibu kwa mdomo wako. Sasa kama unajibu kwa mdomo wako mbele ya watu si ukae vizuri? Yeye alivaa kanzu ndefu ya shifoni rangi ya pichi yenye bitana mpaka mikononi, mtandio wa rangi hiyohiyo wenye uzi mwembamba wa dhahabu pindoni, piko mikononi, basi. Alisema ndoa ya kwanza alipambwa mpaka akawa hajijui kwenye kioo, safari hii alitaka ajione.

Haya, nyeupe.

Hapa ndo maneno yalipo. Wifi atasema, shangazi atasema, mama wa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa naye atasema, "mtu mzima na watoto watatu anavaaje jeupe." Mi jibu langu ni fupi, hilo jeupe tunalopigania halikuanza na ubikira wa mtu. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert Februari 1840 akiwa na satini nyeupe na lesi ya kwao, na kabla ya hapo hata hukohuko Ulaya bibi harusi wengi walikuwa wanavaa gauni lao zuri kuliko yote la rangi yoyote ile, nyeupe ilikuwa ni ya kuonyesha uwezo manake ilikuwa kazi kuifua. Maneno ya usafi yalibandikwa baadaye na sisi tukayapokea pamoja na shela lenyewe. Bibi zetu wa pwani walikuwa na kisutu chao, kanga ya nyekundu na nyeusi na nyeupe, wakaolewa na ndoa zikawa ndoa.

Kwa hiyo ukitaka nyeupe vaa. Ila mi naomba usichague nyeupe kwa sababu ya kuwakomoa watu, na usiikimbie kwa sababu ya kuwaogopa, ichague au uiache kwa sababu ya ngozi yako na taa. Nyeupe ile kali ya karatasi ina tabia mbaya mbili. Kwanza kwenye flashi ya kamera inaungua, unaona umbo jeupe halina mshono wala lesi, na uso wako unatoka mweusi kuliko ulivyo kwa sababu kamera inahangaika na gauni. Pili ukumbini siku hizi wanafunga taa za bluu na zambarau, nyeupe kali inazinywa zote, unatoka kwenye picha kama umechovywa kwenye wino. Krimu, rangi ya maziwa, rangi ya shampeni, zile zinapoa kidogo kwenye kamera na kwa wengi wetu weusi wa asili zinang'arisha ngozi kuliko nyeupe yenyewe. Pichi iliyofifia nzuri, dhahabu iliyopauka nzuri, kijani cha zumaridi kwa wanaothubutu ni balaa. Fedha mi siipendi, inafanana na pazia la ukumbi, lakini huo ni ugomvi wangu binafsi.

Namna ya kupima rangi: usiamini taa ya dukani. Omba kipande, au vuta roli mpaka mlangoni kwenye jua, kiweke chini ya kidevu si juu ya mkono, halafu mwenzio akupige picha mbili, moja bila flashi na moja na flashi, palepale. Bila vipodozi. Rangi inayokufanya uonekane umelala vizuri wakati hukulala ndo yako.

Kitambaa sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoharibu watu. Mwili wa miaka 40 na kitu umebeba watoto, una tumbo ambalo likikaa linakaa na wewe, mikono ya juu imeongezeka, mgongoni sidiria inachora mistari. Hamna ubaya wowote, ila kitambaa kiwe upande wako. Satini nyembamba ya kung'aa si rafiki, inaonyesha kila kunjo na kila tone la jasho, ukidondoshewa maji inabaki na alama. Krepu nzito kidogo isiyong'aa inadondoka yenyewe, haing'ang'anii tumbo. Lesi juu ya bitana inaficha vingi, mradi lesi iwe laini, zile za nyuzi ngumu zinakwaruza kwapani mpaka jioni unatembea mikono imepanuka kama kuku. Shifoni ni nzuri kwa mikono, inafunika bila kufunga. Velveti mwachie bibi harusi wa Iringa mwezi wa saba.

Na bitana! Watu wanalipa hela ya lesi halafu ndani wanawekewa bitana ya polista ile inayoshika mwili kama mfuko wa nailoni. Kwa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi utachemka. Omba bitana ya pamba nyepesi, au ile laini baridi inayoteleza, ishike dukani, ifunge kwenye kiganja uhesabu mpaka ishirini, kiganja kikitoka na jasho irudishe.

Kariakoo nenda asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi si siku ya kuchagua, ni siku ya kukanyagwa. Jua unataka mita ngapi kabla hujatoka nyumbani, muulize fundi. Kwa gauni refu lisilo na mkia, mtu wa saizi yangu (naomba msiulize) fundi aliniandikia mita nne za krepu ya upana wa mita moja na nusu, bitana vilevile, na lesi mita mbili ya juu na mikono. Ongeza nusu mita ya akiba. Ukirudi baada ya wiki roli litakuwa limeisha na jipya litakuwa na rangi iliyopishana kidogo, na hiyo kidogo inaonekana.

Kukodi, kununua au kushona? Kukodi shela ni rahisi kama unataka lile kubwa la gagulo na waya na unalitaka kwa siku moja. Shida yake kwa sisi wa mara ya pili ni kwamba mengi yamekatwa kwa kifua cha miaka 25. Kama unakodi chukua lenye kamba za kufunga mgongoni, siyo zipu. Kamba zinasamehe kilo tatu, zipu haisamehi hata wali wa jana. Na likague kwenye mwanga, kwapani, pindoni, ndani ya shingo ambako poda za wenzio zimebaki, uliza wanaofua ni wao au wewe, na likichanika unalipa nini, waandike kwenye risiti.

Kuagiza mtandaoni kwa picha mi nimeshuhudia mara moja. Picha ilikuwa ya gauni la krepu lenye mikono mirefu, kilichokuja ni kitu chepesi cha kung'aa, mikono imekwama kwenye kiwiko. Ukiagiza agiza miezi mitatu kabla, tuma vipimo vya sentimita siyo saizi, na uwe na fundi wa kulirekebisha. Kama una fundi wa kulirekebisha basi na mimi nauliza kwa nini asishone yeye.

Mi nilishona. Mama mmoja ana cherehani mbili barazani kwake, hana bango wala ukurasa wa Instagram. Alichonifanyia sijawahi kufanyiwa na fundi mwingine na sasa naambia kila mtu adai hivyohivyo. Kabla ya kugusa krepu yangu alinunua kitambaa cha marekani, ile pamba nyepesi ya bei chee isiyotiwa rangi, akakata gauni zima kwa hiyo kwanza. Akanivalisha limeshikwa kwa pini na uzi wa kulazia. Akasema kaa. Nikakaa kwenye kigoda, likanibana hapa kwenye hipsi. Akaweka alama kwa chaki. Akasema inua mikono kama unamkumbatia mtu mrefu, mshono wa kwapa ukalia "kwaa!" Alama. Piga magoti. Nikapiga, gauni likabaki chini ya goti na kunivuta mbele nikashika cherehani nisianguke, tukacheka mpaka mtoto akatoka ndani kuangalia kuna nini. Alama, akafungua mpasuo nyuma wa shubiri moja uliofichwa kwenye kunjo. Makosa yote matatu yalibaki kwenye marekani. Yangekuwa kwenye krepu ya mita nne ningekuwa nalia siyo nacheka.

Kwa hiyo siku ya kupimwa nenda na vitu hivi: sidiria utakayovaa siku hiyo, si ya nyumbani iliyolegea, kama unavaa ya kubana tumbo uvae, na viatu vyenyewe. Kiatu kikibadilika inchi mbili pindo lote linabadilika. Mwambie fundi aache inchi moja ya ziada ndani ya kila mshono wa pembeni, isikatwe, ikunjwe tu, manake kuna wanaopungua kwa mawazo ya harusi na kuna wanaonenepa kwa furaha na hujui utakuwa kundi gani. Mambo ya "nitapungua kabla ya siku" usimwambie fundi. Kila mtu ana gauni la nitapungua, liko kabatini.

Pimwa mara tatu. Marekani, halafu gauni likiwa halina pindo, halafu wiki moja kabla. Fundi mwambie tarehe ya uongo, siku kumi mapema. Samahani mafundi lakini mnajua.

Ukishalivaa usisimame tu mbele ya kioo unageuka kushoto kulia. Nenda chooni nalo, kweli, jaribu mwenyewe bila msimamizi wako. Panda kwenye gari na ushuke. Shika mtoto mdogo. Kula kitu. Cheza kidogo kama unavyocheza siku zote, si kwa mtindo wa bibi harusi. Ndoa ya pili bibi harusi hakai pale mbele kama sanamu, ndiye anayeulizwa funguo za stoo ziko wapi, ndiye mwanaye anamnong'oneza kwamba soda zimeisha meza ya kina babu.

Kichwani sina mengi. Veli ya kufunika uso wengi mara ya pili wanaiacha, wanachukua fupi ya nyuma au ua moja au kilemba kilichofungwa vizuri, na kilemba cha lesi iliyobaki kwenye gauni kinatoka vizuri sana na hakikugharimu.

Hilo la watoto nimelitaja, nilimalizie. Wahusishe, lakini usiwape kura ya mwisho. Binti yangu alitaka niwe na mpasuo wa mguu mpaka huku, mdogo wake wa kiume aliuliza kama baba angelipenda hilo gauni, na hilo ndo swali lililonikalisha chini usiku. Gauni langu la kwanza lilikuwa bado lipo, kwenye mfuko, limeshakuwa rangi ya chai. Sikulivaa, sikulirekebisha livaliwe upya, kuna wanaofanya hivyo ila mimi naona mwanaume anayekuoa leo asioe ndani ya picha ya jana. Lakini nilikata kipande cha lesi yake, kidogo kama kadi ya simu, mama wa cherehani akakishona ndani ya pindo upande wa kushoto ambako hakuna anayeona. Mume wangu nilimwambia. Alisema sawa. Kijana nilimwonyesha kilipo, akakishika akanyamaza, akaenda kucheza mpira. Aliyeachana na mtu kwa ugomvi mahakamani hilo la lesi halimhusu, lile gauni auze tu, hela yake inunue viatu.

Sare za kamati na ndugu amua mapema rangi na uishie hapo, isigongane na yako, ukivaa krimu wasivae krimu, na mama mkwe mpelekee kipande cha kitambaa chako mkononi, asisikie kwa watu.

Siku yenyewe kwenye pochi ya msimamizi wako weka sindano mbili zenye uzi wa rangi ya gauni tayari umetiwa, pini za kufungia sita, kandambili, kitambaa safi cheupe cha kupangusia jasho, na kipande cha chaki nyeupe manake ikitokea alama ya lipstiki kwenye krimu chaki inaificha mpaka jioni. Kupiga pasi apige mtu mmoja, usiku wa kabla, kwa ndani, na leso katikati. Dada yangu mdogo alijitolea kulipitisha pasi "kidogo tu" asubuhi, tukapata alama ya pembetatu chini karibu na pindo, na kwenye picha zote nimesimama mguu mmoja mbele kama mwanamitindo, watu wanasifia pozi.

Miezi miwili baadaye nilirudi kwa mama wa cherehani akalikata likawa la chini ya goti, alama ya pasi ikaondoka na kile kipande cha juu cha pindo, lesi ya zamani akaihamishia pindo jipya, akanitoza elfu kumi na tano. Nimelivaa kwenye kipaimara cha binti yangu na sendofu mbili. Yule dada wa dukani nilikutana naye kwenye moja ya hizo sendofu, hakunikumbuka, akaniuliza gauni nimenunua wapi.